JANI CHANGA MBELE YA JUA KALI

Hotuba ya Ijumaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba jua na akaumba jani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ninawausia ninyi na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu.

Katika Sura al-An'am, aya ya 99, Mola wetu anataja mvua, kisha mimea ya kijani, kisha mbegu na matunda, na anatuamuru tutazame. Basi leo tutazame. Mti wa maembe ukichipua, majani yake mapya hutoka mekundu, laini, yananing'inia. Yakisha kukomaa ndipo yanakuwa ya kijani. Kwa nini?

Rangi ya kijani, yaani klorofili, hunasa mwanga wa jua, na kwa mwanga huo jani hutengeneza sukari, chakula cha mti na chetu sisi. Lakini kunasa mwanga ni kazi moja, kuutumia ni kazi nyingine. Kunasa hakujali baridi. Kutengeneza sukari hupungua sana baridi ikiingia. Fikirini mashamba ya milima ya Lubero: asubuhi baridi haijatoka, na jua tayari linapiga. Jani linapokea mwanga kupita linavyoweza kutumia. Nguvu inayobaki huigeuza oksijeni kuwa kitu kikali chenye kuharibu jani kwa ndani. Mwanga uleule wa uzima unaliumiza.

Mwenyezi Mungu hakuliacha jani bila kinga. Ameweka ndani yake rangi za njano. Mwanga ukizidi, kwa muda wa dakika chache tu, rangi moja iitwayo violaksanthini hugeuka kuwa zeaksanthini, na nguvu iliyozidi hutoka kama joto, bila madhara. Mwanga ukipungua, rangi hiyo hurudi ilivyokuwa. Mwaka 1987 wataalamu huko Ujerumani, akiwemo Barbara Demmig, walionyesha uhusiano huo. Na hiyo zeaksanthini ni moja ya rangi zinazoyapa mahindi ya njano rangi yake. Jani changa la muembe, ambalo bado halijawa na nguvu ya kutumia jua lote, limeongezewa rangi nyekundu, antosianini, ambayo kazi yake moja ni kuzuia sehemu ya mwanga, kama kivuli. Likipata nguvu, wekundu hufifia.

Wandugu, dini ni nuru. Lakini tunaifikishaje kwa mtu aliye mchanga, au aliye katika baridi ya maisha?

Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa akisalisha watu wake sala ya isha, akasoma Sura al-Baqara. Mtu mmoja aliyetoka kazini na ngamia wake wa kumwagilia, amechoka, akajitenga na jamaa, akasali peke yake, akaenda. Muadh akamwita mnafiki. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), hakumkemea yule mchovu. Alimkemea Muadh, akamuuliza kama anataka kuwatia watu katika fitna, akamwelekeza asome sura fupi, mojawapo ikiwa ash-Shams, yaani Jua, kwa sababu nyuma yake kuna wazee, wanyonge na wenye haja. Na hiyo al-Baqara yenyewe, katika aya yake ya mwisho, inatufundisha kwamba Mungu haikalifishi nafsi kupita uwezo wake.

Sasa tujiulize humu msikitini. Kijana amesilimu juzi. Tumemfundisha Fatiha kwa upole, au tumempa siku ya kwanza orodha ya makosa yake yote? Motari anaingia amechelewa, na vumbi la barabara. Tunampisha nafasi katika safu, au tunamtazama kwa jicho kali? Mama mkimbizi wa vita anakuja na mtoto anayelia, tunamwambia nini? Ukimchoma leo, Ijumaa ijayo hutamwona, na dhambi ya kumfukuza itakuwa shingoni mwako.

Wala mtu asiseme kwamba tumepunguza faradhi. Sala tano ni tano. Jani jekundu halikulikataa jua. Limelindwa mpaka liweze kulibeba. Tumpe mgeni wa dini kivuli kwanza, tumwongezee hatua kwa hatua, naye atakomaa na kuwapa kivuli wengine.

Na wewe mwenye elimu, hasira ikikupanda mbele ya kosa la mwenzako, itoe bila madhara: kama umesimama, keti, tawadha, nyamaza. Ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyotuelekeza.

Ewe Mola wetu, tufanye wenye huruma kwa wachanga wetu, uwarudishe waliokimbia kwa sababu ya ndimi zetu, na uipe nchi yetu amani. Amin.

Aqimi swala.