Nakala ya Mwaka Jana

Nakala ya mwaka jana hulinda kazi ya mwaka jana tu. Wengi wetu tuna flashi iliyolala ndani ya mtoto wa meza, kifuniko kilishapotea, na ndani yake mafaili tuliyoyanakili mara moja tukajiona tumemaliza. Kompyuta ikigoma kuwaka leo, flashi hiyo itakurudishia picha za harusi na barua za zamani, lakini si hesabu za duka za wiki hii. Na ikiwa inakaa mfuko mmoja na laptopu, mwizi ataondoka na vyote viwili. Ndiyo maana mafundi hushauri nakala tatu, ukihesabu na ile ya kwenye kompyuta, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali: kwa ndugu, au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mimi hunakili kila Ijumaa jioni, chai ikiwa bado ya moto, kisha hufungua faili moja kuona kama linasomeka. Itoe leo hiyo flashi yako, uangalie tarehe ya faili la mwisho.