Kongamano la Mwanga: Matembezi au Fardhi Kifaya?

Ndugu wanaosoma udaktari, uhandisi na fizikia huuliza: kuna thawabu gani kuhangaikia nauli, viza na ada ya usajili ili kwenda kusikiliza mihadhara ya leza na lenzi? Mkutano mkubwa wa elimu ya mwanga katika tiba, BiOS, hufanyika San Francisco kila mwanzo wa mwaka. Fedha hizo, wanasema wengine, zingechimba kisima kijijini. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini ina pengo.

Tazama kifaa kile kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Asili yake ni kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Hupitisha mwanga mwekundu na mwingine wa infraredi usioonekana kwa macho, kisha hulinganisha jinsi damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinavyounyonya. Namba tunayoisoma imesawazishwa kwa vipimo vya damu vya watu waliojitolea. Na melanini ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Kwa hiyo ni lazima tujue: waliojitolea walikuwa akina nani?

Mwaka 1990 watafiti nchini Marekani walikwisha kuandika kwamba kifaa hiki hukosea zaidi kwa wagonjwa weusi. Ikapita miaka 30. Desemba 2020, katikati ya Korona, watafiti wa Michigan wakaonyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kioo kinasema mgonjwa yu salama, kumbe anakosa pumzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa rasimu ya masharti mapya, yanayotaka vipimo kwenye ngozi za rangi nyingi zaidi, Januari 2025.

Sidhani kuna aliyekaa akapanga kutudhuru. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu: madhara yasiyo na mkusudiaji, dhima yake ni ya nani? Wanazuoni wetu wana jibu la zamani. Fardhi kifaya isiposimamiwa na yeyote, dhambi huwa ya wote wenye uwezo. Imam Ghazali aliihesabu tiba humo, na katika Ihya akalalamika kwamba watu wanasongamana kwenye fiqhi ya mabishano huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Kisima kinaweza kuchimbwa na wengi. Swali la ngozi ni wachache tu walio na elimu ya kuliuliza, nao wako kwenye madarasa yetu.

Lakini kwenda tu hakutoshi. Tumezoea kujivunia Ibn al-Haytham wa Basra na Kitabu chake cha Manadhir, utadhani kumtaja ni nusu ya kazi. Yeye mwenyewe alimtaka mtafuta haki awashuku waliotangulia, na ajishuku nafsi yake pia. Anayesafiri kupiga picha mbele ya bango la mkutano, na ayaite matembezi, hakuna ubaya.

Mwenye niya nyingine aanzie hapa hapa, kwenye hospitali ya kufundishia: kwa idhini ya wagonjwa na kamati ya maadili, alinganishe namba ya kidoleni na kipimo cha damu ya ateri, aandike ngozi ilikuwaje, kisha atume muhtasari. Hata viza ikikataliwa, na hukataliwa sana, muhtasari unaweza kusomwa na mwenzake.