Neno la Mtoto wa Mombasa

Je, msomaji, mtu akitamka neno tofauti na lile lililoandikwa kitabuni, amekosa? Usiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha.

Nilipokuwa nikifundisha karibu na ufuo wa ziwa, Kisumu, alikuja darasani mtoto kutoka Mombasa. Siku moja alisimama akasema, "Mwalimu, wananiteka." Darasa zima likaangua kicheko. Nani amemteka, na kwa bunduki gani? Nami, ole wangu, nikacheka pamoja nao. Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kuteka ni kucheka. Mtoto alishtaki kicheko, nasi tukamjibu kwa kicheko.

Mwaka 1928, katika mkutano uliofanywa Mombasa kwenyewe, Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Kilichaguliwa kwa kuwa misafara ya biashara ilikuwa imekieneza bara, si kwa kuwa mato ya Mombasa hayaoni kama macho ya Unguja. Kimvita kilikuwa kimebeba tungo za Muyaka bin Haji karne nzima kabla ya hapo. Ndivyo ilivyokuwa Italia pia: nchi ilipoungana mwaka 1861, lugha ya shule ilikuwa ile iliyotokana na usemi wa Florence, mji wa Dante, na watoto wa Napoli na Venice wakasahihishwa.

Utaniuliza, basi kila mtu aandike apendavyo? La. Mtihani ni mmoja, na barua iandikwayo Kisumu sharti isomeke Mtwara. Lakini kusahihisha si kufedhehesha. Tena baadhi ya wale waliocheka, ambao Kijaluo chao hakina sauti ya sh, walisema samba badala ya shamba, wala hakuna aliyewacheka. Walikuwa wengi, yeye alikuwa peke yake.

Jioni ile nilisahihisha insha yake. Aliandika kwamba siku walipohama, mato ya babake yalijaa matozi. Nikapiga mistari miwili myekundu, nikaandika macho na machozi pembeni, nikakata alama mbili. Kisha nikaisoma sentensi kwa sauti, kwanza kama nilivyoisahihisha, halafu kama alivyoiandika mwenyewe, nikaiweka kalamu chini. Alama zile sikumrudishia. Asubuhi alipoingia darasani sikujua nimtazameje.