Ahadi ni Deni, na Amri ni ya Nani?

Kabla ya simu za mkononi kuenea, vijiji vingi vya Afrika Mashariki vilitumia sanduku moja la posta, mara nyingi la shule, la misheni au la mwenye duka. Bahasha ilibeba jina la mwenyewe, na chini yake jina la yule ambaye barua ingepitia mkononi mwake. Kwa hiyo watu wengi walizisoma au kusomewa barua zisizo zao, na hapakuwa na ubaya, maadamu kila mmoja aliujua mpaka wake. Aliyeisoma barua ya jirani hakuwa na haki ya kudai fedha zilizotumwa humo. Lakini kama barua hiyo ilisema kwamba mgonjwa yuko njiani na anahitaji kupokewa kituo cha basi usiku huo, msomaji hakuweza kurudi kulala kwa hoja kwamba jina lililo juu ya bahasha si lake.

Mfano huo unafaa kuwekwa mbele ya mtu anayetaka kuyaelewa mafundisho ya Kikristo yanayoitwa udispensesheni, yaani mafundisho ya vipindi. Waumini wengi wanaozungumza Kiswahili, nyumbani na ughaibuni, wamekwisha kuyasikia mahubiri yake bila kulijua jina lake: unyakuo wa kanisa, Dhiki Kuu ya miaka saba, Mpinga Kristo, kisha utawala wa miaka elfu kutoka Yerusalemu. Ratiba hiyo ya siku za mwisho ndiyo sehemu inayojulikana zaidi, lakini ni tunda tu. Mzizi wake ni kanuni ya usomaji, na kanuni hiyo huanza na swali la bahasha: maneno haya aliandikiwa nani?

Aliyeupa mfumo huo umbo lake ni John Nelson Darby, aliyezaliwa London mwaka 1800 na kuhudumu kama kasisi wa Kianglikana huko Ireland. Mwaka 1827 aliumia akiwa juu ya farasi, na katika muda mrefu wa kuuguza jeraha alizama katika Maandiko. Sura ya 32 ya Isaya, inayonena juu ya mfalme atakayetawala kwa haki, ilimsadikisha kwamba ahadi za dunia walizopewa Waisraeli haziwezi kugeuzwa kuwa mafumbo kuhusu kanisa. Israeli ni watu wa ahadi za duniani, kanisa ni watu wa mbinguni. Ni barua mbili zilizofika katika sanduku moja. Darby aliachana na kanisa lake, akawa miongoni mwa viongozi wa Ndugu wa Plymouth, na kati ya 1862 na 1877 alikwenda Amerika ya Kaskazini mara saba kufundisha.

Huko ndiko mafundisho yake yalikopata makao. Cyrus Scofield, mwanasheria aliyekuwa amepigana upande wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alitoa mwaka 1909, kupitia Oxford University Press, Biblia yenye maelezo yake chini ya aya. Aliigawa historia ya wokovu katika vipindi saba: kutokuwa na hatia, dhamiri, utawala wa wanadamu, ahadi, sheria, neema na ufalme. Katika kila kipindi mwanadamu anapewa uwakili wa namna yake na anashindwa kuutimiza. Neno la Kigiriki lililo nyuma ya istilahi hii lina maana ya kusimamia nyumba ya mwingine, na ndiyo sababu neno uwakili linalifaa. Kwa kuwa maelezo na Maandiko yalikaa katika ukurasa mmoja, wasomaji wengi hawakuona tena mahali ambapo moja liliishia na jingine likaanza.

Ingekuwa dhuluma kuyahukumu mafundisho haya bila kwanza kuitambua haki iliyomo ndani yake. Kwa karne nyingi makanisa yalifundisha kwamba baraka zote walizoahidiwa wana wa Yakobo zilihamia kwa Wakristo, huku laana zikiachwa ziendelee kuwa mali ya Wayahudi. Huo ulikuwa usomaji wa mtu anayezichukua fedha za jirani na kumwachia jirani madeni, na ulilisha dharau iliyowagharimu Wayahudi wa Ulaya damu nyingi. Mbele ya usomaji huo, Darby na wanafunzi wake walisimamia jambo ambalo Mswahili hana haja ya kufafanuliwa: ahadi ni deni. Deni halilipwi kwa kumpa mtu mwingine aliye mwema zaidi au anayependeza zaidi. Ikiwa Mungu alimwahidi Ibrahimu nchi, Mungu huyo hawezi kudai amelipa kwa kuwapa watu wengine faraja ya rohoni. Ndiyo maana wanaofuata mafundisho haya husisitiza maana ya wazi ya maneno: wanaiona tafsiri ya mafumbo kama njia ya mdaiwa kukwepa.

Wala swali la nani anaambiwa si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Aliyesoma madrasa anajua kwamba wanazuoni wa Kiislamu wameandika mengi juu ya sababu za kuteremshwa aya, na juu ya aya iliyofuta hukumu na aya iliyofutwa. Hakuna jumuiya ya kitabu inayoweza kuishi bila kupambanua. Mkristo asiyetoa kafara ya mwana-kondoo amekwisha kugawa vipindi, hata kama hajawahi kulisikia jina la Scofield.

Ugumu unaanza pale kanuni iliyobuniwa kulinda ahadi inapotumika kupima amri. Scofield alifundisha kwamba Hotuba ya Mlimani, kwa maana yake ya kwanza, ni katiba ya ufalme utakaokuja duniani, na kwamba kwa maana hiyo haitoi haki wala wajibu wa kanisa. Hakuishia hapo, alikubali kwamba ina mafunzo mema ya kimaadili kwa Mkristo. Hata hivyo, kuna umbali mkubwa kati ya amri na funzo jema. Mtu hulitii la kwanza na hulistahi la pili.

Umbali huo unaonekana vizuri zaidi katika sala ya Bwana. Pale katika Mathayo 6:12, ombi la kusamehewa linapofungamanishwa na kusamehe kwetu, maelezo ya Scofield yanasema kwamba huo ni msingi wa sheria, na yanampeleka msomaji kwenye Waefeso 4:32, ambako ndiko uliko msingi wa neema: tunasamehe kwa kuwa tumekwisha kusamehewa. Kusudi lake lilikuwa la heshima. Alitaka kuzuia wazo kwamba mtu anaweza kununua msamaha wa Mungu kwa wema wake. Lakini matokeo yake ni kwamba sala ambayo Wakristo huifundisha kwa watoto kabla hawajajua kusoma inawekwa, kwa sentensi hiyo moja, ng'ambo ya mpaka.

Katika Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu tafsiri ya Union Version iliyokamilika mwaka 1952 inatumia katika aya hiyo neno lilelile la methali yetu: deni. Deni la ahadi na deni la kosa yanakutana katika neno moja. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza kwa haki: iweje tuyachunge kwa ukali madeni ya Mungu kwa wengine, na deni letu kwa jirani liahirishwe hadi kipindi kijacho?

Mathayo huyohuyo, katika sura ya 18, anasimulia habari za mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Katika kisa hicho msamaha unatangulia. Mtumwa hakuununua kwa lolote. Kwa hiyo ni neema kamili, kama ile ya Waefeso. Lakini mtumwa alipokataa kumpa mwenzake kile alichokwisha kupewa, hesabu yake ilifunguliwa upya. Neema na sharti, ambavyo maelezo ya Scofield yanaviweka katika vipindi viwili, hapa vinakaa katika nyumba moja na chini ya bwana mmoja.

Mtetezi wa vipindi ana jibu la kutoa. Atasema kwamba kila anayeisoma Biblia anachagua amri zipi zinamhusu, na kwamba yeye angalau ana kanuni iliyo wazi, ilhali wengine huchagua kwa mazoea. Hoja hiyo ni nzito. Lakini kanuni ya bahasha haitendi kazi sawasawa kwa kila kilichomo katika barua. Ahadi ina mwenyewe, na nje ya mwenyewe huyo haina wa kuidai. Amri ya kafara au ya tohara ni alama ya agano, nayo pia ina watu wake. Amri inayomwonyesha msomaji kwamba aliyeumizwa anapaswa kuhurumiwa na adui kupendwa ni ya namna nyingine: akishaisoma, amekwisha kujua. Mgonjwa wa kituo cha basi hauliziwi jina lililo kwenye bahasha.

Zaidi ya hayo, uangalifu wa kusoma majina haukuwalinda daima waliojivunia uangalifu huo. Katika Biblia ileile ya Scofield, maelezo ya agano la Nuhu yanasema kuwa ilitabiriwa kwamba uzao wa Hamu ungekuwa duni na wa kutumikishwa. Aya yenyewe, katika Mwanzo 9:25, haimlaani Hamu. Inamtaja Kanaani, mmoja wa wanawe, na kuwaacha Kushi, Misri na Putu. Mfumo uliokula kiapo kushika maana ya wazi ulishindwa kusoma jina moja, na ulishindwa mahali ambapo tafsiri ya kale iliyotumika kuhalalisha utumwa wa Waafrika ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Kosa hilo halikuzaliwa na mafundisho ya vipindi. Linaonyesha tu kwamba anayeshika bahasha zote mkononi anaweza pia kumwandikia mwingine barua ambayo haikutumwa.

Jambo hili lina gharama kwa watu walio hai. Mwaka 1891 William Blackstone, mwinjilisti wa mafundisho haya, alimpelekea Rais Benjamin Harrison ombi lililotiwa saini na Wamarekani mashuhuri zaidi ya 400, likitaka Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wapatiwe Palestina. Huruma iliyomo katika ombi hilo ilikuwa ya kweli, na ilitolewa wakati ambapo wengi walinyamaza. Lakini katika ratiba ya siku za mwisho, kama inavyofundishwa na wengi wa shule hii, Wayahudi wanarudishwa nchini ili waingie katika Dhiki Kuu, na Zekaria 13:8 husomwa kuwa theluthi mbili yao wataangamia humo. Nao Wakristo wa Kipalestina wa Bethlehemu na Beit Sahour, wanaosali katika makanisa ya zamani kuliko Uingereza ya Darby, hawana nafasi katika mchoro huo. Si Israeli wa ahadi, na ardhi wanayoilima imekwisha kuandikwa jina la mwingine. Mtu anaweza kuwapenda watu kwa ajili ya kazi waliyopangiwa katika unabii, na bado asiwe amewapenda wao. Dalili yake ni kwamba habari za vita katika nchi yao humsisimua kabla hazijamhuzunisha.

Haki inadai kusema kwamba mafundisho haya hayakuzaa uvivu mahali pote. Dwight Moody aliifananisha dunia na meli iliyovunjika, ambayo kazi ya mwamini ni kuwaokoa watu kutoka ndani yake. Wengi walioamini hivyo walijenga shule na kwenda misheni nchi za mbali, wakisukumwa na ufupi wa muda. Tena, mfumo wenyewe umeendelea kujirekebisha kutoka ndani. Mwaka 1993 Craig Blaising na Darrell Bock walichapisha kitabu kinachotetea udispensesheni wenye mwendelezo, unaokubali kwamba ufalme umekwisha kuanza kwa Kristo ingawa haujakamilika. Kwa kukubali hivyo, ukuta kati ya Hotuba ya Mlimani na kanisa unapungua, na ahadi kwa Israeli hazifutwi. Hivyo wapo wanafunzi wa shule hiyohiyo walioona kwamba kumlinda mwenye ahadi hakumlazimishi mtu kujiondoa katika amri.

Methali nyingine inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Waumini wa vipindi wanaweza kuipokea methali hiyo kama muhtasari wa imani yao, na huenda wakawa sahihi kuhusu mengi yatakayokuja. Lakini nusu ya kwanza ya methali inahusu kilichopo. Yule aliyekosewa na anayesubiri kusamehe au kuombwa msamaha yupo katika kipindi hiki, katika nyumba hii, pengine katika benchi la mbele la kanisa lilelile. Anayemwambia kwamba sala ya Bwana ni ya wakati mwingine atakuwa ameitunza ratiba yake vizuri sana, na mgonjwa bado yuko kituoni.