Mlo Ambao Haukuchaguliwa

Mwaka 1948 watafiti wa Rockefeller Foundation walifika Krete, kisiwa cha Ugiriki kilichokuwa kimetoka kupondwa na vita, kuchunguza maisha ya wenyeji. Walikuta watu wakila mboga za majani za vilimani, jamii ya kunde, mkate na mafuta tele ya zeituni. Nyama ilikuwa adimu. Walipoulizwa kama wanaridhika, wengi walijibu hapana. Walitaka nyama.

Baadaye Ancel Keys wa Marekani aliwaingiza wanaume wa Krete katika utafiti wake wa nchi saba ulioanza 1958, na ikaonekana kwamba maradhi ya moyo yaliua wachache mno kisiwani humo. Kufikia 2010, UNESCO ilikuwa imeuandika mlo wa Mediterania miongoni mwa urithi wa binadamu. Kile Wakreta walichotamani kukikimbia kimekuwa hazina ya dunia.

Basi tunaposema vyakula vya jadi hulinda moyo, tunasifu nini hasa? Mkreta hakukaa chini akaupangia moyo wake mlo. Aliyempangia ni uhaba, ni Kanisa la Orthodox na mifungo yake mingi, ni shamba la mlimani alilolipanda na kulishuka kwa miguu. Anayenunua chupa ya mafuta ya zeituni dukani hauziwi hayo.

Wala ujadi peke yake si kinga. Katika utafiti uleule, wanaume wa mashariki mwa Ufini ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Hawakuwa watu wa kukaa. Wengi walikuwa wakata magogo na wakulima. Nao walikula cha kwao: siagi na maziwa yenye mafuta mengi. (Sigara nazo hazikukosekana.)

Wenyeji wa huko, North Karelia, wakaiomba serikali msaada, na mwaka 1972 ukaanza mradi ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Wanawake wa vijijini walikutana kujifunza kupika upya vyakula vyao: siagi kidogo, mboga zaidi. Yupo atakayesema jadi ilivunjwa pale. Mimi naona pale ndipo ilipopata mwenyewe, maana wale walikuwa na siagi mezani na wakaamua kuipunguza. Kwa miaka kama 40, huku uvutaji sigara nao ukishuka, vifo vya maradhi ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.