Gari Lisilo na Tatizo

Hapa Dar es Salaam umri wa gari hutajwa kwa herufi ya namba yake ya usajili. "Hii ni namba D, tena D za mwishoni," atakwambia dalali. Ukisikia namba B, unajua bei itashuka hata kabla hujaanza kubishana. Lakini herufi hiyo haikwambii gari lilitoka kiwandani lini. Inakwambia lilisajiliwa nchini lini, basi. Toyota IST mbili zinaweza kuwa zimeundwa Japani mwaka mmoja, tuseme 2004. Moja ikashushwa bandarini mapema ikavalishwa namba B, nyingine ikaendelea kuzunguka kwao miaka mingi ndipo ikaja kupata D. Ya pili itauzwa ghali zaidi, na mnunuzi ataondoka nayo akijiona kapata kijana.

Mimi naona ajabu zaidi katika kile gari linachopoteza likivuka bahari. Huko Japani halikosi karatasi. Gari jipya hupimwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kipimo hicho, wao wanakiita shaken, kina gharama kubwa kiasi kwamba wengi huona heri waliuze gari kuliko kulipitisha tena. Ndiyo sababu mojawapo ya magari yao kutufikia yakiwa bado na nguvu. Mnadani nako mkaguzi hulijazia fomu: alama 4 au 3.5 kama liko vizuri, R kama liliwahi kugongwa likanyooshwa. Kwenye mchoro wa gari anaandika A palipochubuka, U palipobonyea, W palipotengenezwa na kupulizwa rangi, XX kipande kilipobadilishwa kizima. Mtu ambaye hatakuona maisha yake yote amekaa akakuandikia kila kovu.

Fomu hiyo ikifika huku huishia kwenye droo ya mwagizaji. Kinachosalia mara nyingi ni stika ndogo, na hii naomba uikumbuke. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango, au inua boneti utazame pembeni. Ukiona kijikaratasi chenye maandishi ya Kijapani, huenda ndicho walichobandika walipobadilisha oili: kina tarehe na kilomita. Mwaka wakati mwingine huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao. Kwa magari mengi ya rika la hizi IST, ukikuta 24, jumlisha na 1988, unapata 2012. Sasa kama stika inasema kilomita 118,000 mwaka 2012, na dashibodi leo inasoma 86,000, huna haja ya kumwita muuzaji mwongo. Mshukuru kwa muda wake, uondoke. Wauzaji wengi hawajui kuisoma, ndiyo maana hawaibandui.

Likishasajiliwa kwetu, maisha yake ya maandishi yanakatika. Uingereza gari likifikisha miaka 3 huanza kupimwa kila mwaka, na mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuingia kwenye mtandao wa serikali, bila kulipa, akasoma majibu: mwaka fulani lilifeli breki, mwaka uliofuata waliona kutu kwenye chasisi, maili zilikuwa hivi. Sisi ukiandika namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa barabarani unapata deni la faini. Ni msaada, sikatai. Liangalie deni kabla hujatoa hela. Hakikisha pia jina lililo kwenye kadi ni la huyo anayekuuzia, si la mtu aliyeliuza miaka mitatu iliyopita na namba yake ya simu haipatikani. Lakini deni na kadi havikwambii kama breki zinashika.

Kwa hiyo historia inahamia midomoni. "Injini haijawahi kufunguliwa, bosi." "Alikuwa anaendesha mama, kazini na kanisani tu." "Gari haina tatizo lolote, ni kuwasha na kuondoka." Sijawahi kuelewa kwa nini kauli hii ya mwisho hutufariji. Gari la miaka 20, lililopita barabara zetu na matuta yetu, lisilo na tatizo lolote? Ama matengenezo yake yamefichwa, ama halikutengenezwa kabisa. Nenda na fundi uliyemtafuta mwenyewe, maana anayeletwa na dalali atalipwa na dalali. Fika asubuhi, gusa boneti. Ukikuta ya moto, kuna mtu aliamka mapema kukuzidi akaliwasha ili usisikie linavyohangaika likiwa la baridi. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna utelezi mweupe wa maji. Tazama moshi kama una rangi ya bluu.

Nasema hayo kwa sababu ya mzee mmoja mtaani kwetu, mwalimu mstaafu, aliyeamua kuuza gari lake mwaka jana. Maisha ya gari hilo aliyaandika kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mwandiko wa ubaoni, wino wa bluu. "Bushi za mbele, mbili. Fundi anasema za nyuma zinakaribia." "Rejeta imezibuliwa. Feni belti mpya." Kila mteja alipofika alipewa daftari kabla ya ufunguo.

Wateja walilikimbia. Mmoja alifunua kurasa chache akasema kwa upole, "Shikamoo tena mwalimu, lakini hili gari ni mgonjwa," akaenda kununua jingine lililopulizwa rangi likang'aa, lisilo na karatasi hata moja. Tunalalamika kuwa wauza magari ni waongo, na sisi wenyewe ndio tunaowalipa vizuri zaidi wakitudanganya. Mwalimu angelichoma daftari lile angeuza wiki ileile. Mwanawe alimshauri hivyo, akakataa. Nadhani ilikuwa tabia zaidi kuliko uadilifu: mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto miaka yote hiyo hawezi kuuza kitu bila maksi.

Aliyelinunua ni kijana anayeendesha teksi za mtandaoni. Alikaa kwenye ngazi ya baraza akalisoma daftari kuanzia nyuma kwenda mbele, akirudia baadhi ya kurasa, huku chai aliyokaribishwa ikipoa. Alipomaliza hakuuliza juu ya bushi wala rejeta. Aliuliza, "Mwalimu, oili ya gia boksi mbona sijaiona popote?"

Mzee alichukua daftari, akavaa miwani, akatafuta. Haikuwepo. Walikubaliana kijana apunguziwe bei kwa ajili hiyo, na daftari likaenda pamoja na gari.