Urahisi na Wajibu

Kila chombo kinachompunguzia binadamu kazi humwachia swali: je, kimempunguzia na wajibu pia? Swali hili huulizwa vema na njia za Bangale, katika Kaunti ya Tana River. Wakati wa kiangazi nchi ile ni vumbi na mchanga. Mvua zinyeshapo, mikondo ya mito ya msimu iliyokuwa mikavu hufurika, na njia za udongo hugeuka tope. Gari lisilosukumwa na magurudumu yake yote manne hukwama hapo kama punda aliyelemewa na mzigo.

Katika magari mengi ya kazi kama hiyo, kwenye kitovu cha kila gurudumu la mbele pana kufuli. Ikifunguliwa, gurudumu huzunguka peke yake, na vyuma vya kulisukuma hupumzika visichakae wala kupoteza mafuta bure. Ikifungwa, gurudumu huweza kupokea nguvu ya injini likavuta pamoja na yale ya nyuma. Mwaka 1948 Mmarekani Arthur Warn alianza kutengeneza kufuli za namna hii kwa magari ya Jeep yaliyosalia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Dereva alishuka, akazifunga kwa mkono, moja baada ya moja. Baadaye zilitokea kufuli za kujifunga zenyewe: dereva hutia gia ya magurudumu manne, akaendelea na safari bila ya kukanyaga tope.

Ipi bora? Wako wasemao kuwa kujifunga kwenyewe hulea uvivu. Neno hili si la haki. Hapana sifa katika taabu isiyo na faida. Hatumsifu mtu achotaye maji mbali hali bomba li mlangoni pake. Walakini wapinzani wao nao hawana ushindi kamili. Baadhi ya kufuli za kujifunga huweza kufunguka kwa nukta chache dereva anapolipeleka gari mbele na nyuma ili linasuke, yaani saa ile ile ambapo zahitajiwa sana. Kufuli ya mkono haina hila hiyo, na humlazimisha dereva kushuka na kuitazama ardhi. Lakini hata hiyo haimwokoi mzembe: asiyeifunga kabla ya tope ataipapasa ndani ya tope.

Basi tofauti kubwa haimo katika kufuli, imo katika mtu. Asafiriye peke yake aweza kuchagua urahisi, na akikosea hasara ni yake. Lakini mtie garini mama mwenye uchungu wa kuzaa, apelekwaye hospitali ya Hola usiku wa mvua. Mama huyu hakuichagua kufuli. Amezikabidhi roho mbili kwa ujuzi wa dereva. Dereva huyo hana haki ya kusema, "Nilidhani imejifunga." Na atumie mtambo autakao, lakini yampasa kujua hufunga vipi, hufunguka lini, na kuujaribu kabla ya safari.

Ninyi vijana mtapewa mitambo mingi ya kuhesabu, kukumbuka na hata kuamua kwa niaba yenu. Msiikatae kwa kiburi, wala msiipokee kwa usingizi. Ulizeni kwanza: kikishindwa chombo hiki, nani atalipa? Ikiwa mlipaji ni mtu mwingine, kukijua chombo hicho ni deni. Kazi yaweza kukabidhiwa mtambo, wajibu haukabidhiki.